Kiwanja cha Ndege Kiendacho Juu ya Maji

Wazee wa Mwanza wakumbuka mwisho wa mwezi wa Machi mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege kubwa ya Libya aina ya Tupolev ilipokuja kutupa mabomu katika mji wetu ili kumsaidia Idi Amin. Ilikuwa imetumwa kuyapiga matangi ya mafuta, lakini mabomu yalikosa shabaha yakaanguka katika kisiwa cha Saanane, mahali palipotengwa kwa ajili ya wanyama wa porini, na baadhi ya wanyama hao wakafa. Tangu wakati ule mtu wa Mwanza hana haja ya kufasiriwa neno jeti. Lakini ndege ile ilikuwa ya kiwanja cha nchi kavu. Ziko jeti za namna nyingine, ambazo kwao ni ndani ya manowari katikati ya bahari. Hizi nazo zilikuja katika nchi yetu, mwaka 1964, zikaruka juu ya Dar es Salaam, na habari zake zimesimuliwa kidogo sana. Twataka kuzieleza hapa, kwa kuwa zawagusa askari wetu wenyewe zaidi ya watu wengi wadhanivyo.

Yafaa tuanze na maji tunayoyajua. Ziwa letu lilikuwa kiwanja cha ndege zamani. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kuleta barua kutoka London hata Afrika ya kati, na mwisho wa njia ile ulikuwa Mwanza. Kutoka Khartoum barua zilichukuliwa na ndege aina ya Short Calcutta, zilizokuwa na tumbo kama mashua, zikifuata Mto Nili hata zikatua juu ya Ziwa. Kwa muda wa miezi kama kumi Mwanza palikuwa mwisho wa njia hiyo ya anga, hata Januari 1932 njia ilipoongezwa mpaka Cape Town. Basi msomaji aweza kuuliza: ikiwa ndege yaweza kutua majini, kwa nini watu walitumia mali nyingi mno kujenga manowari zenye kiwanja juu yake?

Jibu ni kwamba ndege yenye tumbo la mashua ni nzito, tena upepo waishika. Kwa barua na abiria haidhuru, lakini ndege ya kupigana yataka wepesi na mbio. Tena mvuvi yeyote wa Ukerewe aweza kutuambia kwamba maji ya alfajiri si maji ya saa nane mchana. Ziwa likichafuka, mtumbwi hukaa pwani. Bahari kuu ikichafuka, ndege ya majini haiwezi kuruka wala kutua pasipo kuvunjika. Wenye manowari walitaka ndege ya nchi kavu iwezayo kuishi baharini, na kutaka huko kuligharimu maisha ya watu wengi.

Nchi yetu iliona mwanzo wa mambo hayo mapema sana. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, Wadachi walikuwa na manowari moja katika pwani yetu, jina lake Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 ilizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, mbele ya mji wa Unguja, kisha ikaingia kujificha katika midomo ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu maji ni machache, wala mtu aliyeko baharini hakuweza kuiona. Ndipo walipomwajiri rubani mmoja wa Durban, jina lake Cutler, aliyekuwa na ndege ya majini aina ya Curtiss. Mnamo Novemba 1914 aliruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo karibu na Mafia, akaiona Königsberg ndani ya mto. Baada yake zikaja ndege nyingine za majini za jeshi la Waingereza, nazo ziliteswa na nchi yetu kuliko na Wadachi: joto na unyevu viliharibu gundi na mbao, na katika hewa ya joto zilishindwa kupanda juu, hata mara nyingine hazikuweza kuondoka majini kabisa. Mambo haya yasemwa kwa haraka katika vitabu, lakini yafaa kuyashika, maana hewa ya joto ni nyepesi, nayo humpa taabu kila rubani wa nchi zetu, iwe ndege yake ni ya mbao ya mwaka 1915 au jeti ya leo.

Mwisho Waingereza walikata kiwanja katika kisiwa cha Mafia wakaleta ndege za magurudumu. Mwezi wa Julai 1915 manowari mbili fupi ziitwazo Severn na Mersey ziliingia mtoni zikapiga mizinga juu ya miti pasipo kuona wanalolipiga, na ndege ikizunguka juu ikiwapelekea habari kwa simu ya upepo: mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto. Tarehe 11 Julai rubani Cull na mwenzake Arnold walipigwa na risasi za Wadachi, mashine ikafa. Lakini walipokuwa wakishuka waliendelea kupeleka habari zile, na mizinga ikaipata Königsberg. Wao wenyewe walianguka mtoni wakaokolewa. Hiyo Königsberg ikawa mwisho wake. Lakini mizinga yake 10 haikufa nayo. Wadachi waliitoa mtoni wakaitawanya katika nchi yote, na mmoja ulifika hata Mwanza kulinda mji, ukakaa mpaka Waingereza walipouteka mji Julai 1916. Mwingine uliwekwa katika meli Graf von Götzen huko Kigoma, ile ambayo baadaye iliitwa Liemba. Na meli hiyo nayo ilifuatwa na ndege: mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za majini aina ya Short, zilizosafiri kwa meli na kwa reli kupita nchi yote ya Kongo, wakazifunga upya kando ya Ziwa Tanganyika, zikaenda kutupa mabomu Kigoma.

Hizo zote zilikuwa ndege zilizotua majini au pwani. Kutua juu ya meli kwenyewe kulikuwa kumejaribiwa Marekani. Mtu mmoja jina lake Eugene Ely aliruka kutoka juu ya manowari iliyosimama mwezi wa Novemba 1910, na tarehe 18 Januari 1911 akatua juu ya manowari nyingine iliyotia nanga San Francisco. Mbao zilipigiliwa juu ya meli, na juu ya mbao zikatandazwa kamba zilizofungwa mifuko ya mchanga huku na huku; ndege ilikuwa na kulabu chini yake, zikazinasa kamba, na mifuko ikaiburura mpaka ikasimama. Wasomaji wakumbuke kulabu hii na kamba hizi. Miaka zaidi ya 100 imepita, na jeti za leo za manowari nyingi hushikwa kwa werevu ule ule, ila kamba ni za chuma na mahali pa mchanga pana mashine zenye nguvu chini ya sitaha.

Kutua juu ya meli iendayo ni jambo jingine. Wa kwanza kulifanya ni Mwingereza Edwin Dunning, tarehe 2 Agosti 1917, juu ya manowari Furious. Meli ilikwenda mbio kuelekea upepo, naye akaja pole pole ubavuni, hata mwendo wa ndege na mwendo wa meli ukawa karibu sawa. Kisha akaisogeza juu ya sitaha, na wenzake wakarukia vishikio wakaishika ndege kwa mikono yao kama watu washikavyo ng'ombe. Siku tano baadaye alijaribu tena. Gurudumu likapasuka, ndege ikaanguka baharini ubavuni mwa meli, naye akafa maji. Baada ya kifo chake watu walielewa kwamba mahali pa kutua pasiwe mbele ya milingoti na dohani, bali sitaha yote iwe wazi kutoka mwanzo hata mwisho. Hivyo ndivyo ilivyopatikana sura ya manowari ya kubeba ndege: meli iliyo bapa juu, na nyumba ya nahodha imesukumwa kando.

Katika vita ya pili ya dunia manowari hizo zilifika pwani yetu kwa wingi. Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon kwa ndege za manowari, wakaizamisha Hermes ya Waingereza, na jeshi la majini la Waingereza likarudi nyuma hata bandari ya Kilindini, Mombasa. Tanga nayo ikawa na kiwanja cha ndege za jeshi la majini. Mwaka huo huo Waingereza waliingia Madagaska, ili Wajapani wasije wakakishika kisiwa hicho. Hapa ndipo mahali pa kusimama kidogo. Katika jeshi lililokwenda kule alikuwamo askari mweusi wa K.A.R., au Keya kama watu walivyosema, na miongoni mwao kikosi cha sita cha kwanza, askari wa Tanganyika. Majeshi yalipoteremka Majunga mwezi wa Septemba 1942, manowari Illustrious ilikuwa nje baharini, na ndege zake zililinda kushuka kwao. Kutoka huko askari wa Afrika ya Mashariki walikwenda kwa miguu na kwa malori hata mji mkuu wa Tananarive. Kikosi hicho cha sita kilikuwa kimekwisha kupata sifa mwaka uliotangulia katika nchi ya Uhabeshi, mahali paitwapo Colito, walipopigana na vifaru vya Waitaliani tarehe 19 Mei 1941. Waliporudi nyumbani jina la Colito lilipewa kambi yao karibu na Dar es Salaam. Tutakutana na kambi hiyo tena.

Ndege zilizowalinda Majunga zilikuwa bado za pangaboi. Vita ilipokwisha ikaja jeti. Mashine yake si ngumu kuielewa kwa mtu aliyepata kuona mivukuto ya wafua chuma wa Uzinza. Mfua chuma husukuma hewa ndani ya moto, na moto hukasirika. Katika jeti hewa huingia mbele, magurudumu yenye meno mengi huisonga ikawa nzito, mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa hutiwa ndani na kuwaka, na moshi wa moto hutoka nyuma kwa nguvu kuu, ndege ikasukumwa mbele. Njiani moshi huo huzungusha magurudumu mengine, ambayo ndiyo yanayosonga hewa ya mbele, na hivyo kazi hujiendesha yenyewe. Tarehe 3 Desemba 1945 rubani Eric Brown alitua na jeti aina ya Vampire juu ya manowari Ocean, naye ndiye wa kwanza katika dunia yote. Mtu huyu aliishi hata mwaka 2016, na katika maisha yake alitua juu ya manowari mara 2,407, hesabu ambayo hakuna rubani mwingine aliyeifikia.

Lakini Brown alikuwa fundi wa mafundi, na jeti aliyotua nayo ilikuwa ndogo. Kadiri jeti zilivyozidi ukubwa, taabu ziliongezeka. Jeti huja kutua kwa mbio kuliko ndege ya pangaboi. Tena mashine za jeti za siku zile zilikuwa nzito wa kuitika: rubani alipotaka nguvu, ilimbidi angoje kitambo, kama mtu aitaye mtoto aliye mbali. Zamani ndege ikikosa kamba, mbele yake ulikuwako wavu wa kuizuia, na nyuma ya wavu ndege nyingine zimeegeshwa, na watu wamesimama. Jeti nzito ikipita pale ni mauti ya wengi.

Dawa zilipatikana tatu, zote katika miaka michache, na zote kwa Waingereza. Dawa ya kwanza ilikuwa ya Kapteni Dennis Cambell mwaka 1951, nayo ni rahisi hata mtu hushangaa kwamba haikuonekana mapema: mstari wa kutua uchorwe mshazari, usielekee mbele ya meli bali ubavuni. Hivyo rubani agusapo sitaha huzidisha nguvu ya mashine papo hapo badala ya kuipunguza. Akinasa kamba husimama, akikosa hutoka ubavuni mwa meli akaruka, akazunguka na kuja tena, wala hakumgusa mtu. Ya pili ilikuwa kioo. Afisa Nicholas Goodhart alitaka rubani ajionee mwenyewe kama anashuka juu mno au chini mno, asingoje kupungiwa bendera. Husimuliwa kwamba alilionyesha wazo lake ofisini kwa kioo cha mkononi cha karani wake wa kike na rangi yake ya mdomo; akatia alama ya rangi katikati ya kioo, akamwambia bibi yule aje mbele huku akiitazama alama na kuiweka sawa na nuru, naye akafikisha kidevu chake juu ya meza pale pale palipotakiwa. Kwa rangi ya mdomo ya mwanamke mmoja marubani wengi waliokoka. Ya tatu ni manati ya mvuke, iliyobuniwa na Colin Mitchell na kujaribiwa katika manowari Perseus tangu mwaka 1950. Watoto wetu hupiga ndege kwa manati ya mpira. Huku mvuke wa mashine za meli huisukuma pistoni iliyo chini ya sitaha, na pistoni huivuta jeti, hata kwa kufumba na kufumbua imepata mwendo wa kuruka. Mvuke hauchagui hewa ya joto wala ya baridi, na kwa hiyo jeti nzito ziliweza kuruka hata katika bahari ya kwetu.

Sasa twafikia ile iliyokuja Dar es Salaam. Jina lake ni Sea Vixen, yaani mbweha jike wa bahari, kazi ya kampuni ya de Havilland. Ya kwanza ya ukoo wake iliruka tarehe 26 Septemba 1951. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Septemba 1952, ilikatika angani mbele ya watu waliokusanyika kutazama maonyesho huko Farnborough. Rubani John Derry na mwenzake Tony Richards walikufa, na mashine zikawaangukia watazamaji zikaua 29. Mafundi walitia nguvu katika viungo vyake, kazi ikachukua miaka, na kikosi cha kwanza cha jeshi la majini kilikabidhiwa mwezi wa Julai 1959. Ilikuwa na mashine mbili za Rolls-Royce, mikia miwili iliyounganishwa nyuma, na mabawa ya futi 51 yaliyokunjwa juu ili ipate kushushwa ndani ya tumbo la meli. Ikijazwa ilikuwa na uzito wa tani 18 hivi. Mwendo wake mkubwa ulikuwa maili 690 kwa saa, na iliweza kupanda futi 48,000. Haikuwa na bunduki hata moja. Ilichukua makombora manne yaliyofuata joto la ndege ya adui, kama siafu afuatavyo harufu. Watu wake walikuwa wawili. Rubani alikaa kushoto chini ya kioo akiona dunia yote. Mwenzake, mwenye kazi ya kutazama rada ili waweze kupigana usiku na katika mawingu, alikaa kuume ndani ya shimo lenye giza, nao mabaharia kwa mzaha waliliita shimo la makaa ya mawe. Twaona ugumu wa kazi ile kwa hesabu moja: zilijengwa ndege kama 145, na zaidi ya theluthi zilipotea katika ajali, pasipo vita kubwa yoyote.

Tujaribu kuipima kwa njia zetu. Kutoka Dar es Salaam hata Mwanza, akiruka kunguru, ni maili 530 hivi. Gari la moshi hutumia siku na usiku wake na zaidi. Sea Vixen ingefika kwa saa moja. Lakini mafuta yake yalitosha kwa maili 800 tu, basi kuja ingekuja, kurudi isingerudi, isipokuwa kwa kunyweshwa mafuta angani na ndege nyingine, jambo ambalo iliweza. Na kiwanja chake chote kilikuwa sitaha ya futi 737, ambayo ni sehemu ya saba ya maili moja, na kutua ilitumia kipande tu cha urefu huo. Kiwanja cha Mwanza chapita maili moja na nusu.

Sitaha hiyo ilikuwa ya manowari Centaur, iliyoanzwa kujengwa Belfast mwaka 1944 na kuingia kazini mwaka 1953. Ilikuwa katika bandari ya Aden mwezi wa Januari 1964, mambo yalipoharibika kwetu. Tarehe 12 Januari yalitokea mapinduzi Zanzibar. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito. Walitaka mishahara iongezwe, na maafisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika washike kazi zao, kwa kuwa nchi ilikuwa huru tangu Desemba 1961 na wao bado waliamriwa na wale wale wa zamani. Kesho yake kikosi cha pili kiliasi Tabora. Mjini Dar es Salaam maduka yaliporwa na watu kadhaa walikufa. Tarehe 23 maasi yakaruka mpaka hata kwenye pwani ya Ziwa letu, katika kambi ya Jinja, na tarehe 24 Lanet, Kenya.

Hapa tuseme wazi neno ambalo wengine hulipita. Kikosi hiki cha kwanza cha Tanganyika Rifles hakikuwa kikosi kipya. Kilikuwa ni kile kile kikosi cha sita cha Keya, kilichobadilishwa jina wakati wa uhuru. Kile cha Colito ya Uhabeshi, na cha Madagaska. Watu wa mwaka 1964 walikuwa vijana wengine, lakini bendera, desturi na jina la kambi walivirithi.

Centaur iliondoka Aden tarehe 20 ikiwa na askari wa majini wapatao 600, wa kikosi kiitwacho 45 Commando, ikaja kusini ikangoja nje ya pwani pasipo kuonekana. Tarehe 24 Mwalimu Nyerere aliomba msaada wa Waingereza. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 25, manowari nyingine, Cambrian, ilipiga mizinga kwa mshindo ili kuwavuta askari mawazo, na helikopta za Centaur zikateremsha kundi la kwanza katika uwanja wa mpira kando ya kambi. Pamoja nao alikuwako Brigedia Sholto Douglas, mkuu wa Tanganyika Rifles, akiwaita askari wake kwa kipaza sauti waweke silaha. Walipokataa, nyumba ya walinzi ilipigwa kwa roketi. Sea Vixen zilikuwa juu zikipita kwa mngurumo, lakini hazikutupa kombora hata moja. Jambo lote lilikwisha kwa muda mfupi. Askari watatu wa Tanganyika waliuawa, wengine walijeruhiwa, na wengi walikimbilia msituni au kujitoa. Baadaye askari wa majini walipelekwa Tabora, na huko kikosi cha pili kikaweka silaha chini pasipo vita.

Wako wasemao kwamba jeti zile hazikufanya kazi, maana hazikupiga. Sisi hatukubali. Kazi ya jeti ya manowari mara nyingi ndiyo hiyo: kuonekana. Mtu mwenye bunduki ya mkono, akisikia sauti ile juu ya kichwa chake, naye ajua kwamba jana hapakuwa na kiwanja chochote cha adui karibu naye, hutambua kwamba hana pa kukimbilia. Bunduki ya Königsberg ilitumia miezi kupita nchini kwetu hata ikafika Mwanza. Centaur ilileta kiwanja kizima kutoka Aden kwa siku chache, pasipo kuomba ruhusa ya mtu hata alipotaka kushusha watu.

Na hili la kuomba ndilo lililomuuma Mwalimu. Ruhusa ilitolewa, naye ndiye aliyeitoa. Hakuficha kwamba ilikuwa fedheha kwa nchi huru kuwaita askari wa wale waliokuwa wakiitawala juzi, ili wawanyang'anye silaha wana wa nchi. Tena, kama twasema haki, shauri la askari halikuwa la uongo lote: mishahara yao ilikuwa midogo kweli, na maafisa walikuwa Waingereza kweli. Lakini askari aliyeasi kwa ajili ya mshahara kesho aweza kuasi kwa ajili ya ufalme, na nchi nyingi za Afrika zilikuja kuliona jambo hilo kwa macho yao, Uganda ikiwa jirani yetu wa karibu. Kati ya fedheha na hatari hiyo, Mwalimu alichagua fedheha. Sisi twaona kwamba alichagua vema, ijapokuwa twafahamu kwa nini wazee wengine waliokuwa katika Keya, Wakuria wa Tarime na wengineo, waliisikiliza habari ile kwa uchungu: ndege zitokazo manowarini ziliwahi kuwalinda ndugu zao Majunga, na sasa zikaja juu ya kambi iliyoitwa kwa jina la ushindi wao.

Mwalimu hakuwaacha Waingereza wakae. Mwezi wa Februari 1964 aliwaita mawaziri wa nchi za Umoja wa Afrika Dar es Salaam, akawaomba askari wa Kiafrika washike zamu, na mwaka huo huo wakaja askari wa Nigeria. Tanganyika Rifles ilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, likaandikwa watu wapya kutoka kila upande wa nchi, na baadaye likapata jeti zake lenyewe kutoka China, za kuruka kutoka viwanja vya nchi kavu.

Centaur iliuzwa ikavunjwa kuwa vyuma vikuukuu mwaka 1972, na mwaka huo huo Sea Vixen za mwisho ziliondolewa katika vikosi vya manowari. Kambi ya Colito ilibadilishwa jina ikaitwa Lugalo, mahali katika nchi ya Uhehe ambapo mwaka 1891 askari wa Mkwawa waliwashinda Wadachi kwa mikuki.